Joto la Mguu wa Kushoto

Mume wangu Mbusa hutembea hadi Lubero kila mchana bila kuinuka kwenye kiti. Hukaa barazani kwetu mtaa wa Kabondo, hapa Kisangani, macho nusu wazi, na ukimgusa atakuambia amekwisha kufika kwetu milimani: ukungu umeshuka hadi kwenye mashamba ya vitunguu, ng'ombe wanasikika tu, hawaonekani. Vita imekula barabara. Maharagwe tuliyokuwa tukiyaleta kutoka huko kuuza yaliisha, duka letu la mtaa wa Makiso tukalifunga, naye akabaki na safari hizo. Simwamshi. Mtu aliyefungiwa njia, mwache aote.

Kilichonikosesha raha ni miguu yake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeilaza. Angeweza kukanyaga msumari akaendelea kusimulia. Prudence, muuguzi wa zahanati ya mtaani, alitueleza bila kupaka asali: kidonda kimoja asichokisikia, kikioza, mguu unakatwa. Ndiyo maana alituletea soksi za majaribio, zenye vitambuzi vya joto vilivyoshonwa ndani. Mguu mmoja ukipata joto kuliko mwenzake, simu inalia, kwa sababu ngozi inayoumia huwaka kabla haijapasuka.

Nilizicheka. "Papa Julie," nilimwambia, maana ndivyo ninavyomwita, kwa jina la binti yetu wa kwanza, "chaussettes, hizi soksi, iko na mayele, na akili kushinda mwenye miguu!"

Alizivaa kutwa, zikanyamaza. Jioni zikalia. Zililia kila jioni, kwa ajili ya mguu wa kushoto, muda mfupi baada ya mimi kumwosha miguu na kumvalisha tena. Nikazibadilisha, ya kulia nikaivika kushoto, ili niikamate ile mashine ikidanganya. Joto likabaki kwenye mguu uleule. Nikalaumu kandambili, nikalaumu jua, mwishowe nikamlaumu Prudence.

Kwetu milimani baridi inauma. Mwanamume akirudi shambani, mke humwekea miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mama yangu alifanya hivyo, nami sikuiacha desturi hiyo hata hapa Kisangani, ambako jasho halikauki. Beseni letu ni dogo, kwa hiyo mguu mmoja huingia kwanza, wa kushoto, na wa kulia hufuata maji yakiwa yamepoa. Ninachanganya maji, naye anasema, "Ongeza moto, mama Julie." Ninaongeza. Mguu unalowana, kisha ninausugua. Mvuke unapanda, anafumba macho, nami ninajua amefika kwetu; msumari hausikii, lakini mikono yangu niliamini anaisikia. Kila kitu chetu vita ilikuwa imekigusa, isipokuwa hicho.

Jioni moja nilimimina maji yanayochemka, na kabla sijatia ya baridi, ndege ikapita chini chini kuelekea uwanja wa ndege wa Bangboka. Siku hizo ndege ikipita hivyo, mtaa mzima hunyamaza kwa hofu ya mabomu. Nikainua uso, kopo la maji baridi mkononi. Ikaenda zake. Nilipoinama, mguu wa kushoto ulikuwa tayari ndani ya beseni.

Mbusa alikuwa anatabasamu.

"Iko muzuri," alisema. "Leo ukungu iko mingi."

Nikauvuta ule mguu kwa mikono miwili. Maji yakaniunguza, nikapiga yowe. Yeye akafungua macho taratibu, akaniuliza ni nani ameumia.

Nikamwagia maji baridi, na mengine, na mengine, huku nikilia kwa hasira. "Hausikiaka kintu? Hata mikono yangu?"

Akatikisa kichwa.

"Tangu siku gani?"

"Tangu mbele ya vita kuanza."

"Alors miaka hii yote ninaosha nani? Na ile ongeza moto, ongeza moto, ilikuwa ya nini?"

"Nilikuwa natafuta wewe," akasema. "Nilisema labda moto ikizidi, nitasikia mikono yako, hata kidogo."

Mimi, ambaye majirani huniogopa kwa ulimi, nikaendelea tu kumwagia maji. Nilimpenda na nikataka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

Nilimpigia Prudence simu, akafika amebebwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria. Akatazama malengelenge, akatazama beseni, akashika kichwa. "Munapikaka mutu mguu polepole," alisema, "na soksi inawapigia kelele kila siku!" Akaufunga mguu. Alituambia utapona, mradi asiukanyagie mpaka ngozi irudi. "Na maji ya moto, jamais, hata siku moja."

Kesho yake, jioni ilipofika, sikujua nijiweke wapi. Nilikaa jikoni na beseni tupu. Nilihisi kama duka limefungwa mara ya pili. Mbusa alikuwa barazani, mguu umeinuliwa juu ya kigoda, macho wazi kabisa. Siku hiyo hakuwa amesafiri kwenda popote.

"Leta beseni," aliita.

"Si ulisikia Prudence?"

"Leta tu, mama."

Nikapeleka maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko. Akainama, akatumbukiza mikono yake yote miwili.

"Huku ninasikiaka," alisema.

Nikaiosha mikono yake, kidole kwa kidole, mpaka maji yakapoa.