Suruali ya Mabano

Mimi ni fundi cherehani wa suruali, na sisemi hivi kwa kujigamba. Aka, nasema kwa kujigamba, nifiche nini? Ukimwona mtu amesimama barabarani na suruali yake imeanguka wima kutoka kiunoni mpaka kwenye kiatu, muulize nani kamshonea. Atakuelekeza kwangu. Magauni na mashela nawaachia wengine, wanaopenda kubembelezana na maharusi.

Ujuzi huu umetoka nyumbani. Ukoo wetu tuna matege. Bibi yangu alikuwa nayo, mama akayapokea, nami nikayapokea kwa mikono miwili. Shuleni walikuwa wakisema mbuzi anaweza kupita katikati ya miguu yangu manyoya yake yasiniguse. Mama akanipa dawa moja tu, gauni refu. Tangu nivunje ungo, hakuna mtu wa nje aliyewahi kuiona miguu yangu. Gauni langu linafagia sakafu, na nikikaa, mkono mmoja unashika pindo hata bila kuambiwa.

Wajomba na kaka zangu hawawezi kuvaa gauni, basi nikawabunia mpindo. Nikikata suruali ya mtu wetu, mshono wa nje naupinda kidogo penye goti, wa ndani naulegeza, na kitambaa kinaanguka kana kwamba ndani yake kuna miguu iliyonyooka. Wanaukoo wangu wameoa kwa mpindo huo. Mashemeji walikuja kujua ukweli baadaye sana, wakati maji yameshamwagika.

Sasa nikwambie kuhusu kifungua mimba wangu. Ni binti, na ni askari wa zimamoto. Umesikia vizuri, zimamoto! Ndiye mwanamke wa kwanza katika kituo chao kupanda ngazi ya gari akiwa na mpira wa maji begani. Wenzake walipomwona mazoezini amevaa kaptura wakambandika jina la Mabano, kwa kuwa miguu yake inafungua na kufunga kama mabano kwenye karatasi. Mimi nilitaka kwenda pale na mkasi wangu mkubwa. Yeye alicheka tu, na jina likakaa. Mume wangu, ambaye ukoo wake wote umenyooka kama rula, hakusema neno. Yeye husema neno akiona lazima. Lakini niulize, katika hao wanyoofu wake, nani amewahi kupanda kitu kirefu kuliko kitanda?

Kisha goti likaanza. La kulia, upande wa ndani. Kwanza lilimuuma akipanda, halafu akishuka, halafu hata akikaa. Mkuu wa kituo, mtu wa haki lakini mkavu kama kuni, akamwondoa kwenye gari akamweka mezani apokee simu. Akamwambia waziwazi, "Niletee goti, ngazi ipo. Likishindikana, kiti hicho ni chako mpaka ustaafu." Mwanangu kukaa kwenye kiti akiwaambia wenzake moto uko wapi! Alikuwa akirudi nyumbani na sare safi, haina hata harufu ya moshi, anaivua na kuikunja kama mgeni.

Tukaenda kwa daktari wa mifupa. Kijana, ana miwani, na sauti ya upole ambayo mimi huwa siiamini. Akapachika picha ya eksirei ukutani kwenye taa. Haikuwa ya goti peke yake. Ilikuwa ya mguu mzima, mwanangu akiwa amesimama, kuanzia kwenye nyonga mpaka kifundo. Akachukua rula, akapiga mstari kutoka katikati ya nyonga mpaka katikati ya kifundo.

"Mama, uzito wa mwili unapita hapa," akasema. "Ungepaswa kupita katikati ya goti. Huu umepita pembeni kabisa, upande wa ndani. Kwa hiyo gegedu, yaani kile kimto laini kilicho kati ya mifupa, upande wa ndani limelika. Upande wa nje ni zima. Halijafanya kazi maisha yake yote."

"Basi mpe dawa."

"Dawa itatuliza maumivu. Haitanyoosha mfupa."

"Kwa hiyo unataka kumtia goti la chuma?"

"Hapana. Bado kijana, na kazi yake ni ngazi. Goti lake mwenyewe ndilo bora. Nitaukata mfupa wa muundi hapa, chini kidogo ya goti, niufungue taratibu mpaka mguu unyooke na uzito uhamie upande ulio mzima. Kisha nitaukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Mfupa utaota wenyewe ujaze pengo."

Nikamtazama. "Mfupa mzima, ambao haujavunjika, uukate kwa makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mtoto, una mama?"

"Ninaye."

"Anajua unachofanya kazini?"

Mwanangu akajifunika uso kwa kiganja. Mimi nikasimama, nikashika mkoba. Nikamwambia daktari kwamba miguu hiyo ina wenyewe, imebeba watu kabla yeye hajaota meno, na kwamba Mungu hakukosea vipimo. Nilikuwa na hofu, hiyo ndiyo kweli, na hofu yangu siku zote hutoka mdomoni ikiwa imevaa hasira.

"Mama," binti yangu akasema polepole, "siingii chumba cha upasuaji bila radhi yako. Unanijua."

"Basi hutaingia." Nikatoka.

Lifti ya hospitali ilikuwa mbovu. Nikatangulia kwenye ngazi, kisigino kinagonga, mdomo unanung'unika. Nilipofika chini nikageuka kumwambia neno jingine, nikakuta sina mtu nyuma. Nikainua macho. Mwanangu alikuwa juu kule, anashuka kwa ubavu, mikono yote miwili kwenye chuma cha pembeni. Anateremsha mguu mbovu, anauma mdomo, anausubiri mwingine uufikie, kama mtoto anayejifunza. Bibi mmoja mwenye kikapu akampita. Akamwambia, "Pole, mwanangu."

Pole! Mtu ambaye kazi yake ni kuwashusha mabibi kama huyo kutoka kwenye nyumba zinazowaka, leo bibi anampa pole kwenye ngazi.

"Tangu lini unashuka hivi?" nikamuuliza alipofika.

"Siku nyingi, mama. Nikiwa na wewe huwa natafuta kisingizio cha kubaki nyuma."

Nilipanda zile ngazi zote tena, na magoti yangu mwenyewe yanalia kama mlango wa zamani, nikaingia kwa daktari bila kubisha. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Kata," nikamwambia. "Lakini kata kama fundi aliyebakiwa na kitambaa kimoja tu dukani."

"Ndivyo ninavyokata siku zote, mama," akasema. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikampenda kidogo.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi mimi na mume wangu. Nilisali, nikagombana na muuguzi, nikasali tena. Mume wangu alisema, "Atapona." Daktari alipotoka na barakoa kidevuni, nilimwona akitabasamu kabla hajafika. Nikamuuliza kuhusu mguu wa kushoto, maana mimi nikishatoa radhi huwa natoa yote. Akasema wa kushoto hauumi na gegedu lake ni zima, basi auguswe kwa lipi? Tuuache na matege yake.

Nyumbani tukaingia kwenye magongo. Mwanangu alitembea kwa magongo mawili, kisha moja, kisha akaliegemeza nyuma ya mlango likabaki pale. Mazoezi nilisimamia mwenyewe. "Kunja! Nyoosha! Kunja!"

"Mama, mtaalamu wa mazoezi amesema polepole."

"Nami nimesema polepole. Ni sauti tu ndiyo kubwa."

Picha mpya ilipotoka, mfupa ulikuwa umejaza pengo lake. Daktari akapiga tena mstari kwa rula, na safari hii ukapita pale alipotaka. Alikuwa na fahari, nikaiona, maana fahari ya fundi naijua. Akaandika kwamba mgonjwa yuko huru kupanda. Mkuu wa kituo akaisoma barua ile, akasema karatasi haizimi moto. Aje apande mnara wa mazoezi na mpira begani, ashuke amebeba yule mtu wa mchanga wanayejifunzia, na familia zinakaribishwa kutazama.

Nikasema mwanangu hapandi na suruali kuukuu. Nikachukua kitambaa cha sare, nikakata, sikutoa hata futi ya kupimia. Vipimo vya mtoto niliyemzaa nitavipima vya nini? Jirani yangu wa duka akasimama mlangoni, akasema hajawahi kuona mkono mwepesi kama wangu. Nikamwambia aendelee kutazama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami siku hiyo nililitia ndoo nzima.

Asubuhi ya mtihani akaja dukani kuivaa. Akafunga mkanda, akageuka. Nikaona mshono wa nje wa mguu wa kulia umehama, umekuja mbele, umelala juu ya muundi kama mlevi. Nikamwambia apande kwenye stuli. Akainua goti, akasita.

"Mama, linakwama."

Nikauliza, "Skrubu?"

"Si skrubu, mama. Suruali."

Nikapiga magoti nikashika kitambaa. Loo! Nilikuwa nimeutia mpindo wangu, ule wa ukoo, kwenye mguu uliokwisha kunyooka. Mkono ulikata kwa mazoea, kwa mguu ambao haupo tena. Maisha yangu yote nimekuwa nikinyoosha kitambaa juu ya mguu uliopinda, na leo mguu umenyooka, suruali ndiyo ina matege! Nilicheka, kisha nikajikuta nalia pale sakafuni na chaki mkononi.

"Mama, unalia?"

"Chaki imeniingia machoni. Vua upesi, Mkuu hangojei mtu."

Mimi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, sikuanza kushona jana. Nikafumua mguu wa kulia, nikapiga mstari mnyoofu kutoka nyonga mpaka kifundo. Sijawahi kumkatia mtu wa damu yangu mstari mnyoofu, na mkono huu usioogopa kitambaa chochote uliupiga mara mbili. Wa kushoto nikauacha na mpindo wake. Ilipolala mezani, ungesema suruali imeshonwa na mafundi wawili waliogombana. Alipoivaa, ikaanguka wima miguu yote miwili. Fundi gani mwingine angeweza? Mlete nimwone.

Uwanjani tulisimama nyuma ya kamba na jamaa za askari wengine. Mwanangu akaweka mpira begani, akashika ngazi. Alipanda kwa mpigo mmoja, goti la kulia linakuja juu, linasukuma, linakuja juu. Nilikuwa nimemshika mume wangu mkono nikauminya mpaka akaguna. Akafika juu, akapotea dirishani, akatoka na yule mtu wa mchanga mgongoni. Na akashuka. Hakushuka kwa ubavu, wala hakuusubiri mguu mmoja uufikie mwingine. Alishuka kama mtu anayerudi nyumbani kwake.

Akamlaza mtu wa mchanga, akasimama mbele ya Mkuu, kifua mbele. Mkuu akamzunguka, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Simu itatafuta mtu mwingine," akasema. "Rudi kwenye gari."

Kelele zilizopigwa pale! Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Wenzake wakamzingira, na dereva wa gari akapaza sauti, "Ala! Miguu yote imenyooka! Mabano yamekwenda wapi?"

Mwanangu akacheka. Akainama, akaikunja suruali upande wa kushoto mpaka gotini, akautoa nje mguu wenyewe, umepinda vilevile kama alivyozaliwa nao, mbele ya kituo kizima.

"Moja hili hapa!" akasema. "Mguu wa kulia ni wa daktari. Huu ni wa mama yangu."

Watu wote wakageuka kunitazama. Mkono wangu, kwa mazoea yake ya miaka yote, ukaenda kwenye pindo la gauni kulishika lisipeperuke. Ukalishika. Kisha nikalivuta juu, likapita kifundo, likapita muundi, mpaka upepo ukanigusa pahali ambapo haujawahi kunigusa hadharani.

"Imetoka hapa!" nikapiga kelele. "Miguu hiyo imetoka hapa!"

Mume wangu akaniinamia sikioni, yule yule asiyesema neno mpaka aone lazima.

"Pandisha kidogo," akasema. "Walio nyuma hawajaona."