Mchanga Katikati ya Ziwa

Mume wangu Nasoro alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, ya safari yake ya melini, na mimi, mjinga wa kutupwa, ndiye niliyekuwa namchemshia chai ili aisimulie vizuri.

Kila Ijumaa, wakitoka msikitini, wanaume walikaa kwenye lupango letu, ua wa nyumba yetu hapa Kamalondo, chini ya ukuta wenye kivuli. Nilipika chai ya tangawizi na mikate ya mafuta. Haukupita muda kabla mtu mmoja hajasema, "Baba Feza, tupe ile ya bato." Basi! Nasoro alikuwa akikunja mikono ya kanzu, akisafisha koo, na sote tukipanda naye tena ile bato, meli ya kuvuka ziwa Tanganyika. Hata mimi niliyeisikia mpaka nikaijua kwa moyo, nilikuwa naacha sufuria nisikilize. Maji makubwa niliyoyaona maishani mwangu ni yale ya bwawa la Karavia. Ningejua nini?

Safari yenyewe nilimtuma mimi. Mama yangu hakutaka niolewe na Nasoro. Alisema yule mwanaume ana mdomo tu. Nikakaza kichwa, baba zangu wadogo wakanioza, na mama akasema mbele ya watu wote kwamba radhi yake sina. Akafunga vitu vyake akarudi kwa ndugu zake Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Nikazaa mtoto, akafa. Nikazaa wa pili, akafa. Hapo kila mwanamke wa Kimaniema katika mji huu alinitazama tumbo kisha akatazama pembeni. Hakuna aliyesema, na wote walisema: huyu hana radhi ya mama.

Nilipobeba mimba ya tatu nilimpigia Nasoro magoti. "Nenda kwa mama. Mimi na tumbo hili siwezi treni. Mwambie nimekosa, anisamehe, mtoto aishi." Nikampa kikwembe kipya cha wax, kitenge nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe, ampelekee. Nikamsindikiza mpaka gare, kwenye stesheni, akapanda treni ya Kamina. Pale Kamina ndipo reli inapogawanyika: njia moja inakwenda Kalemie ziwani, nyingine inakwenda Ilebo, ambako watu hupanda bato ya mtoni kwenda Kinshasa. Nilimpungia mkono mpaka bega likauma.

Alirudi amenenepa. Hilo nililiona, nikasema Alhamdulillahi, wamemlisha kwetu. Akanitia mkononi tasbihi ya punje nyeusi.

"Mama alishika kile kikwembe, akalia," aliniambia. "Akasema, mwambie Zabibu nimemupa radhi zote, azae salama. Tasbihi hii iko yake ya mukononi. Na akasema usijisumbue kuja, njia iko mbaya."

Nilianguka kifudifudi nikasujudu. Feza akazaliwa, akaishi, na leo yuko shuleni anaimba nyimbo za chama na wenzake kila asubuhi mpaka sauti inakauka. Miaka yote hiyo salamu zangu kwa mama zilipitia kwa Nasoro, maana yeye ndiye aliyewajua wasafiri. Na majibu yalirudi, matamu matamu.

Mwaka juzi mzee Abibu, mchuuzi wa Kalemie, akapita hapa na habari kwamba mama amefariki. Yeye alizikuta Ujiji, kwenye matanga. Akasema wanawake wa pale walimwambia kwamba mpaka siku za mwisho mama alikuwa anauliza neno moja tu: "Zabibu hana hata mtu wa kunitumia?"

Nilimtazama Nasoro. Akatikisa kichwa polepole, kwa huruma. "Wazee, Mama Feza. Akili ilikuwa imeshakwenda. Amenisahau."

Na mimi nikakubali. Tena nilimkasirikia maiti! Nilisema, mama, mbona umetusahau, mtu alikuja mpaka kwako na zawadi? Nikasoma ile tasbihi siku zote arobaini za matanga, nikiibusu.

Sasa sikiliza ilivyofumuka.

Jirani yetu Casimir ni fundi wa mashine kule wanakoyeyusha shaba. Majina ya kizungu kama hilo serikali ilikuwa imeshayakataza, kazini wanamwita Citoyen Mwenze, yaani Raia Mwenze, lakini kwetu ni Casimir tu. Alizaliwa Kalemie, baba yake alikuwa mpakizi wa bandarini. Likizo ya mwaka huu yeye na mkewe Angélique walikwenda Kinshasa kwa bato ya mtoni, mara yao ya kwanza. Ijumaa baada ya kurudi waliingia kwetu wote wawili, Casimir amevaa abakosi mpya, ile suti isiyo na tai, anacheka tangu mlangoni.

"Baba Feza! Leo tunakata hii maneno mbele ya bantu," alisema akivuta kiti. "Bato ya ziwa na bato ya muto, gani inapita ingine? Weye ulipanda ya ziwa. Miye nimepanda zote mbili sasa. Tuhukumu."

Wanaume wakapiga makofi. Nasoro akakunja mikono ya kanzu.

"Ile ya muto ni muji muzima," Casimir alianza. "Bato inasukuma mabarge, matishari makubwa, na juu ya barge bantu banapika, banasuka nywele, mbuzi inalia, mutoto anazaliwa! Mitumbwi inatoka ku pori, inashikamana na bato, unanunua samaki ya moshi hapo hapo. Kula, ndugu yangu, ni ku muto."

"Lakini choo!" Angélique akadakia. "Aka! Choo ile, mi nilifunga tumbo."

"Ya ziwa iko safi, nakubali," Casimir akasema. "Lakini kule hakuna raha. Upepo unaamka, mawimbi inapanda, bantu bote banatapika. Baba yangu alisema hata kapiteni anatapika, anaficha tu. Unalala chini unaomba Mungu uione Kigoma."

Nasoro hakuweza kuvumilia. Mwanaume huyu akishindwa kwa maneno anaumwa homa.

"Hapana, hapana! Ya ziwa inapita. Sisi tulikaa juu, orchestre inapiga muziki, mayi imetulia tuu. Unaweka kikombe ya chai ku chuma, haimwangike. Mitumbwi? Hata kwetu ilikuja, nilinunua samaki. Na muwaulize hawa, nilisali adhuhuri katikati ya ziwa!"

"Ee, ile ya mchanga!" wakasema wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. Nasoro akasimama kabisa. Akaonyesha vile vijana wawili walivyosimama mbele ya bato na fimbo ndefu wakipima maji, wakipaza sauti kwa kapiteni. Akaonyesha vile bato ilivyopanda mchanga ikakwama, watu wakashuka, wanawake wakafua nguo, naye akatandika mkeka wake juu ya mchanga, maji huku na huku, akasali.

Casimir, ambaye hadithi hii hakuwahi kuisikia nzima, alikuwa anacheka tangu mwanzo, anangoja mahali pa mwisho pa mzaha. Hapakufika. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo.

"Nasoro," alisema. "Mchanga, ku ziwa?"

"Katikati kabisa."

"Ziwa yetu? Ile, unashusha kamba mpaka kamba inaisha, chini haujafika. Nani atapima na fimbo?" Akamgeukia mkewe, bado hana ubaya wowote moyoni. "Angélique, si ni ile ya kwetu? Ile fimbo na ule mchanga ni ya muto Kasai, ukitoka Ilebo. Hata siye tulikwama, bibi yangu huyu alifua manguo pale. Baba Feza, unachanganya. Labda ulipanda zote mbili, ukasahau?"

Alimpa mlango wa kutokea, maskini.  Nasoro aliangalia makubazi yake.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Ilebo ndiyo ile njia nyingine ya reli pale Kamina, njia ya Kinshasa.

"Baba Feza," nikamwita. "Ku ziwa, ulitapika?"

"Mama Feza, tutaongea ndani."

"Nimekuuliza hapa. Ulitapika, ao hukutapika?"

"Bantu bako banasikiliza."

"Wasikilize! Si miaka yote wanasikiliza? Leo ndio hadithi inakwisha vizuri. Ulivuka ziwa, Nasoro?"

Tangu tuoane sikuwahi kumwita kwa jina mbele za watu. Alikaa. Alionekana mdogo ndani ya kanzu ile.

"Sikuvuka," alisema.

Wanaume wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakitafuta kofia zao. Casimir alitaka kuniambia kitu, Angélique akamvuta mkono wakatoka.

Ndipo Nasoro akapata tena mdomo wake. Pale Kamina, alisema, aliona treni ya Kalemie imesimama, akaogopa. Mama angemfukuza. Mama angetoa laana, naye angenibebea laana ile mpaka tumboni. Na rafiki yake mmoja alikuwa anakwenda Kinshasa, akamwambia twende tukatembee. "Nikasema heri nikuletee neno muzuri. Nilifanya kwa ajili yako, Zabibu."

"Kikwembe changu?"

"Kilibaki Kinshasa."

"Kwa nani?"

"Ku nyumba kwenye nililala."

Sikuuliza zaidi. Siku nyingine ningevunja sahani zote za nyumba hii kwa jibu hilo, lakini siku ile lilikuwa dogo.

"Na tasbihi?"

"Nilinunua ku soko. Kwa Musenegali mumoja."

Nilikuwa nimeivaa shingoni. Niliivua nikaitundika kwenye msumari wa kanzu zake, taratibu, maana ilikuwa imesomewa jina la Mungu na haikuwa na kosa.

"Lakini Feza hakuishi?" akasema nyuma yangu, na sauti ilikuwa imeanza kupata nguvu. "Nijibu! Feza si huyu, mzima? Mama yako angekataa. Alikuwa na moyo mugumu, weye mwenyewe unajua. Angekataa, na weye ungekufa na huzuni."

Walahi, hapo ndipo niliposikia lile neno la mzee Abibu kama limesemwa upya. Zabibu hana hata mtu wa kunitumia? Mama hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa na akili zake zote, anatazama njia. Alikuwa tayari. Alitaka tu mtu aje aombe, ampe. Aliingoja mwaka baada ya mwaka ile radhi imtoke mkononi, na mimi huku nilikuwa naimba kwamba ninayo.

"Angetoa," nilimwambia. "Alikuwa ananingoja, Nasoro. Angetoa."

 

Shule zilipofungwa nilimchukua Feza tukapanda treni. Pale Kamina tulibadilisha, tukashika njia ya Kalemie. Meli ya ziwani ni safi, Casimir alisema kweli, na alisema kweli kwa yote mengine. Hapakuwa na orchestre. Hapakuja mtumbwi hata mmoja. Upepo uliamka, nikatapika mpaka nikabaki nimeshika chuma kwa mikono miwili, Feza ananipangusa mdomo na kitambaa chake cha shule. Kila nilipoinua kichwa niliyatazama maji yale meusi, nikitafuta mahali ambapo mtu angeweza kutandika mkeka.

Ujiji, ndugu za mama walinipeleka makaburini. Walitaka kunisimulia jinsi mama alivyokuwa akiuliza, nikawaambia najua, naomba mniache naye kidogo. Nilikaa chini kwenye vumbi na mtoto wangu aliye hai.

"Mtu wa kukutumia nilikuwa naye, mama," nilimwambia. "Nilimtuma."