Nusu Iliyo Hai

Kompyuta ishirini zilikuwa zimewashwa tangu saa tatu asubuhi, na Mjomba alizizunguka kama mtu ambaye mkewe anajifungua ishirini kwa mpigo. Kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati. Alitengeneza kompyuta ndogo za nyumbani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, ila nani alimjua? Kampuni kubwa ya redio ilikubali kuzipa jina lake na kuziuza, kwa sharti moja: zote zifanye kazi hadi saa sita mchana. Ikikwama moja, hakuna mkataba, na kiwanda kwaheri.

Mjumbe wa kampuni, waliyembatiza Bwana Redio, alikaa kitini akitazama saa kama refa.

Dada Lehemu, mpwa wa Mjomba na fundi aliyelehemu kila waya mle ndani, akaenda kupanga trei zake za chipu. Akahesabu, akarudia.

Unafuu wa kompyuta zao ulitokana na chipu za kumbukumbu. Muuzaji aliwapa zenye nusu iliyokufa, wao wakatumia nusu iliyo hai. Zilizo hai juu, Dada Lehemu alizitia doa jeupe la rangi ya kucha. Zilizo hai chini, doa jekundu. Kila kompyuta ilipata nane za rangi moja, kwa kuwa husoma nusu moja tu. Bwana Redio aliyajua hayo tangu mwanzo. "Chipu ife itakavyo," alisema, "mradi kompyuta isife."

Sasa trei ya nyeupe, iliyotakiwa kuwa tupu, ilibaki na chipu moja. Basi nyekundu moja imejipenyeza mahali pake, ndani ya kompyuta mojawapo. Na kama bado inafanya kazi, ni kwa sababu baadhi ya nusu zilizokufa hazikufa kabisa: zikiwa baridi zinakumbuka, zikipata joto zinasahau kila kitu, kama shahidi aliyehongwa.

"Jamani, humu tutaiva," Bwana Redio akasema.

Mjomba akaruka kuwasha feni. Upepo ukapita juu ya kompyuta zote.

Dada Lehemu akamvuta pembeni. "Mjomba, nimechanganya chipu moja."

"Kwenye ipi?"

"Sijui. Ikipata joto itajitaja yenyewe."

"Basi isipate joto! Bado nusu saa. Ziba mdomo, mwanangu."

"Na huko nyumbani kwa watu, nani atawawashia feni?"

"Huko ni huko!"

Saa tano na arobaini. Dada Lehemu alijiona akinyamaza, mkataba ukisainiwa, halafu mtu asiyemjua akiandika kazi ya wiki nzima na kuiona inayeyuka kwenye kioo. Mikono iliyofanya hivyo ni yake. Akatembea hadi ukutani, akazima feni.

"We mtoto una wazimu?" Mjomba akafoka.

Bati lilikuwa linalia kwa jua. Dakika tano. Kumi. Jasho likamtiririka Bwana Redio hadi kwenye kola. Saa sita kasoro dakika nane, kompyuta ya kumi na moja ikamwaga herufi za ajabu na kuganda.

Mjomba akakaa sakafuni.

"Kosa langu," Dada Lehemu akasema. "Chipu moja si ya kundi lake. Feni ilikuwa inaificha."

"Kwa hiyo umezima ukijua itakwama?" Bwana Redio akauliza.

"Ndiyo, mzee."

Bwana Redio akavua koti. "Itengeneze. Halafu tuanze upya, hivihivi na joto letu."

Dada Lehemu akatoa chipu ya doa jekundu, akaweka nyeupe iliyobaki. Kwa saa tatu nyingine walikaa kama mikate ndani ya tanuri, kila kioo kinatazamwa kama mgonjwa. Hakuna kilichoganda.

Bwana Redio, shati limemganda mgongoni, akachukua mkataba na kuongeza mstari kwa kalamu: hakuna kompyuta itakayotoka kabla ya kupitia joto hilo, na bila fundi huyu kusema ndiyo.

Mjomba akausoma mara mbili, akasaini.

"Mwanangu," akasema, "yaani leo umenitafutia bosi, na bosi mwenyewe ni wewe."