Ugomvi Ulioagizwa na Daktari

Mdogo wangu hakuwa hata na wiki moja duniani, na tayari alikuwa ameitisha kikao cha ukoo. Daktari wa wodini alisikia mvumo moyoni mwake, kama damu inayopita pasipo njia, akatupeleka kwenye chumba cha kipimo. Tukajipanga mbele ya mashine ya ultrasaundi, taa zimezimwa: mama, bibi mzaa baba, mama mdogo na mimi. Baba alibaki koridoni, eti chumba hakina hewa. Hewa ilikuwepo. Aliyeishiwa pumzi ni yeye.

Daktari wa moyo, mwanamke mwembamba asiye na haraka, alipaka jeli kifua cha kichanga.

"Nikikuta tundu kubwa, atapasuliwa wiki hii," alisema. "Lakini akilia sioni kitu. Naomba kimya."

Tukanyamaza. Mtoto akaangua kilio, na moyo wake kwenye skrini ukawa kama uji unaochemka. Titi akalikataa. Daktari akazima hata feni. Mtoto ndiyo kwanza akazidisha kilio.

"Nyumbani hulala vipi?"

Tangu akiwa tumboni, mtoto huyu alikuwa akisikiliza bibi na mama mdogo wakigombana, jikoni, uani, mlangoni. Wakirushiana maneno, analala fofofo. Wakinyamaza, anaamka kuuliza kulikoni. Balaa ni kwamba asubuhi hiyo, kwa kuuhofia moyo wake, walikuwa wameshikana mikono na kupatana.

"Hulala hawa wawili wakigombana," nikasema.

Daktari akawatazama. "Basi gombaneni."

"Nigombane na huyu binti?" bibi akashangaa. "Hana kosa."

"Bibi ndiye mwema," akajibu mama mdogo.

"Wewe zaidi."

Mtoto akapiga yowe.

"Jamani, nawaombeni," mama akasema, yeye aliyekuwa akiwapigia magoti wapatane. "Tukananeni."

Wakajitahidi.

"Wewe," bibi akaanza, "si mrefu sana."

Mama mdogo akatafakari. "Ni kweli."

Ikabidi nitoe siri ya nyumba. "Bibi, nepi ulizofua jana, mama mdogo alizifua upya."

Bibi akageuka polepole. "Alizifua upya?"

"Nilisuuza tu."

"Usuuze nini, na mimi nimelea sita?"

"Sita wenyewe si ndio hao? Mmoja yuko koridoni anatafuta hewa."

"Mtaje tena mwanangu."

Kilio kikakatika katikati. Kichanga akapiga mwayo, akalegea. Daktari akateleza kifaa juu ya mbavu zile ndogo, skrini ikajaa rangi: damu nyekundu ikija, ya bluu ikienda zake.

"Endeleeni," akanong'ona. "Bibi aongeze kidogo."

Ndipo tulipouona. Katikati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, uzi mwembamba wa rangi ulikuwa unapenya ukutani. Maneno yakamkauka bibi. Mama mdogo akamshika mkono. Mtoto akakunja uso.

"Bado sijalipima tundu," daktari akasema. "Msiniache hapa."

Bibi akajifuta machozi. "Chumvi unayotia wewe," akasema, "inatosha kukaushia samaki."

"Na wewe," mama mdogo akajibu huku naye analia, mkono ule hajauachia, "unaipima kama dawa ya kuandikiwa."

Daktari alipima. Akahamisha kifaa, akapima tena.

"Dogo," alisema. "Dogo sana. Mengi ya namna hii hujiziba yenyewe. Hapasuliwi. Mtamrudisha nimwangalie tena akiwa mkubwa kidogo."

Mama akaketi sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Wale wawili hawakusikia. Walikuwa wamefika kwenye suala la nani aliyeunguza sufuria, na hilo halikuwa la kuigiza tena.

Nikafungua mlango nimpe baba habari. Sauti zao zikamfikia kabla yangu. Akajiegemeza ukutani, akashusha pumzi ndefu.

"Wanagombana," alisema. "Basi mtoto ni mzima."