Mteremko wa Dawa

Kinyozi alifikishwa hospitali hajitambui, malaria imempanda kichwani. Mkewe alikaa kando ya kitanda. Upande wa pili akakaa shemeji yake, kaka wa mgonjwa, fundi bomba tangu ujana wake. Laiti angekaa tu.

Shemeji alimwona muuguzi akiingiza dawa kwenye mshipa wa mkono, akaguna. Ugonjwa uko kichwani, dawa inawekwa mkononi, itapandaje? Alitaka ndugu yake achomwe shingoni, kwenye bomba kubwa. Muuguzi alimjibu kwa upole. Aliporudia tena na tena, upole ukaisha. Mke wa kinyozi alimsihi anyamaze, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mama wa watu akatoka kidogo kwenda kufua shuka. Aliporudi, alimkuta shemeji amepiga magoti sakafuni. Kitanda kimeinuliwa upande wa miguu kwa matofali, kichwa cha mumewe kimeinamia chini, ati dawa ipate mteremko.

"Shemeji," alisema, "huyu ni mume wangu, si tangi la maji."

Daktari alikuja, matofali yakatolewa. Akaeleza, macho yamemlegea kwa uchovu, kwamba vijidudu vya malaria havijatoka kwenye damu. Vimenata ndani ya vimishipa vyembamba vya ubongo, na damu hiyohiyo ndiyo inayoipeleka dawa huko. Pampu ni moyo.

"Na bomba likiziba?" fundi akauliza.

Daktari alikiri kuwa hapo ndipo penye kazi. Vimishipa vingine vimeziba kweli. Dawa inaua vijidudu, ila ubongo una muda wake wa kuamka. Wasubiri.

Wasubiri! Neno hilo lilikuwa limemfika mke wa kinyozi kooni. Tena, pamoja na hasira zake, alimwonea shemeji wivu: mwenzake angalau alipata kitu cha kubeba.

Kesho yake alasiri, shemeji akikoroma kwenye kiti, kinyozi alifumbua macho. Alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayetafuta jina.

"Mbona umenuna?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

Maneno aliyokuwa nayo mwanamke yule yangeijaza wodi nzima. Alimtikisa shemeji bega mpaka akaamka, kisha akaenda kumwita muuguzi, huku akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.