Mgongo wa Olow

Siku mchoraji Abdow alipofungua maonyesho yake katika ukumbi wa baraza mjini Garissa, Hawo alianza kucheka mlangoni, na mtandio ukamteleza kichwani. Picha zote zilikuwa za marehemu mumewe, Olow, aliyewapigania wafugaji wapeleke mifugo sokoni bila kuombwa vibali. Na katika zote Olow alikuwa amewapa watu mgongo. Olow mbele ya kizuizi cha polisi cha Liboi, mgongo. Olow akihutubia, mgongo, na wasikilizaji nao migongo. Abdow aliogopa kuchora nyuso, maana sheikh alisema mchoraji ataambiwa Siku ya Kiyama azitie roho.

Inspekta wa polisi aliyekuja kukagua hakucheka. Vita vya serikali na shifta, waasi wa msituni, vilikuwa vimepamba moto, na yeye aliruhusu picha za Olow, si za shifta. Mgongo ni mgongo tu, alisema. Ikipatikana hata moja ya mtu mwingine, atazichoma zote na Abdow atalala ndani. Basi mke na aseme kama migongo yote ni ya mumewe.

Watu wakamkonyeza Hawo akubali upesi. Lakini yeye hakuwa mtu wa kusema uongo, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, ana saumu ya sunna.

Akapita polepole. Bega la kulia limeshuka: ni yeye. Kikoi kimefungwa ovyo: ni yeye, Mungu amrehemu. Kila walipohama, Olow alitangulia, naye Hawo nyuma na ngamia wa mizigo. Mgongo ule aliujua kuliko uso.

Kwenye picha ya mwisho akakwama. Olow amesimama katikati ya njia, hana analofanya, kama anayemngoja mtu.

"Huyu si yeye," akasema. "Olow hakuningoja hata siku moja."

Inspekta akatoa kiberiti. Abdow akakaa sakafuni.

Maka, dada yake Olow, akapasuka kwa kicheko. "Wifi, ulikuwa ukiinama kukaza kamba za mizigo, anasimama. Ukiinuka tu, huyoo, anakwenda kama mwizi. Kambi nzima tulimjua, isipokuwa wewe." Wazee wakaapa kwamba ndivyo.

Hawo akarudi kwenye picha. Kichwa kilikuwa kimeinama upande kidogo, kama cha mtu anayesikiliza kengele ya ngamia nyuma yake. Kicheko kikampanda kutoka tumboni, akaketi kando ya Abdow huku machozi yakimchuruzika.

"Ni yeye," akamwambia inspekta. "Mjanja mkubwa yule. Ni yeye."

Inspekta akarudisha kiberiti mfukoni, akageuka haraka ili wasimwone akitabasamu. Mabega yalimtikisika, na Abdow, pale pale sakafuni, akafumba jicho moja akiyapima kwa ajili ya picha nyingine.