Vibandiko Kumi

Bekoni ilikuwa inaungua kikaangoni, nami nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki nikihesabu. Vuta pumzi hadi nne, izuie hadi nne, iachie hadi nne. Mbinu hiyo nimewafundisha wanawake wenzangu waliotoka jeshini, kila Alhamisi kwa miaka sita, hapa mjini Lawton. Asubuhi hiyo nilihesabu kwa dakika ishirini nzima na kifua hakikulegea. Taya la kushoto liliuma kama lina jino bovu. Jasho baridi lilinitiririka mgongoni.

Nilijiambia ni yale yale. Kwa miaka ishirini kila kilichonibana kifuani kimeandikwa "wasiwasi" kwenye faili langu, na mimi ndiye niliyesaidia kiandikwe hivyo. Kila daktari aliponiomba nivue shati anipime moyo, nilikuwa na haraka: mtoto anatoka shule, gari liko kwa fundi.

Binti yangu Corinne alizima jiko, akanitazama usoni mara moja tu, akapiga simu. Nilimwambia ananiaibisha bure kwa majirani. Akasema majirani watanizoea.

Mhudumu wa gari la wagonjwa aliitwa Hollis, pande la mtu lenye ndevu nyekundu na sauti ya chini. Aliona kofia ya jeshi kwenye msumari karibu na mlango, akauliza mume wangu alipigana wapi.

"Mume wangu aliuza matairi," nilisema. "Kofia ni yangu."

Aliomba radhi, kisha akasema anahitaji kufungua shati langu abandike vibandiko kumi vya kupima moyo. Mkono wangu ulikamata kola kabla sijaamua lolote. Alinieleza polepole: hospitali ya karibu ni dakika kumi, lakini haizibui mishipa ya moyo, inayozibua iko dakika arobaini. Bila kipimo hajui anipeleke ipi. Nilimwelewa vizuri. Nimeendesha malori ya mafuta kule Iraki, najua gharama ya kukosea njia. Mkono haukuachia.

"Mama, acha ukaidi," alisema Corinne. "Ni shati tu."

"Si shati." Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu anayesoma ripoti. "Mwaka elfu mbili na nne sajini wangu alinifungia ndani ya kontena. Alianza na vifungo vya shati."

Corinne alikuwa na miaka mitatu mwaka ule, akilelewa na bibi yake, akinitumia michoro ya malori.

Hollis aligeuka, akasimama akilitazama friji.

"Dada, utabandika wewe," alimwambia Corinne. "Mimi nitakuelekeza."

Alielekeza akiwa ametupa kisogo: kulia kwa mfupa wa kifua, sasa kushoto, shuka ubavu mmoja, chini ya titi. Vifungo nilivifungua mwenyewe. Vidole vya Corinne havikukosea.

Karatasi ilipotoka, Hollis alinyoosha mkono nyuma akapokea. Aliisoma kwa muda mfupi mno.

"Ile ya mbali," alimwambia dereva wake aliyengoja mlangoni. "Na usipoteze muda."

Garini Corinne alinifunika blanketi hadi kidevuni. King'ora kilipoanza, aliinama sikioni pangu.

"Anaitwa nani?"

Maumivu yalikuwa yameshafika begani. Nikaanza na cheo chake.